Vitambaa vya Mafundo Mawili

Kambini, 3 Juni

Fundi wangu,

Mimi mzima. Kinachonisumbua ni usingizi tu, na huo nitaulala nikizeeka. Juzi tumevua viatu alfajiri, wenzetu ndio kwanza wanavaa vyao. Mgeni mmoja, bunduki yake mpya lakini mkono unatetemeka kama wa bwana harusi, alimpiga kulungu dume jua likizama, na kulungu akaondoka na risasi mwilini. Sheria ya kambi unaijua: mnyama haachwi alale na jeraha. Aliyempiga huenda kuoga na kula. Wa kumtafuta gizani ni mimi na kaka yako.

Nikuchekeshe kidogo. Tulipofika pale alipopigiwa nikamulika jani, nikaona damu nzito, nyeusi nyeusi. Nikasema risasi imepiga ini, tumfuate sasa hivi. Kaka yako akalichukua lile jani, akalinusa, akalilamba kabisa, akatema. "Tumbo hili, shemeji. Kaa chini. Tukimkimbiza atavuka mto na hatutamwona tena." Tukakaa saa nne, mbu wakijilia bila kukaribishwa. Tulipoinuka tukamkuta amelala hatua mia mbili tu mbele yetu, na ni tumbo kweli! Hapa kambini yeye wanamwita Pua na mimi wananiita Tochi, wanasema tukiunganishwa tunatoka mtu mmoja kamili. Ndugu yako huyo angezaliwa mbwa, watu wangemgombania.

Sasa ombi. Vile vitambaa vya njano unavyonikatia vinanitesa. Msimu huu majani yamekauka, yamekuwa njano tupu. Nafunga kitambaa, nikienda hatua kumi nikigeuka sikioni tena. Wewe unakata mabaki tu, acha nikueleze kazi yake. Kila ninapoona damu nafunga kitambaa kwenye tawi, usawa wa kifua, na tukirudi tunavikusanya. Fundo moja maana yake damu ipo hapa, endelea. Mafundo mawili maana yake achana na damu, nimegeuka, nifuate mimi. Mimi hufuata damu, kaka yako huzunguka kwa mbele kumkinga mnyama mtoni. Asiposikia filimbi yangu, anaingia kunifuata kwa vitambaa. Basi ujue unapokata unakata uhai wetu. Nitumie vyekundu. Vyekundu hata kipofu ataviona.

Nyumba yetu imepauliwa chumba cha pili. Mkataba wako ukiisha mwezi wa kumi na moja utakuta kila kitu tayari, umebaki mlango. Unautaka rangi gani? Jibu upesi, gari la kambi linachukua barua Jumanne tu, na huku mtandao ni wa kupanda mlimani.

Mumeo,
Tochi


Bwenini, 10 Juni

Kaka, shikamoo.

Ukimaliza kusoma barua hii ichome.

Shemeji yako ameniandikia. Anataka vitambaa vyekundu. Miaka mitatu nimemwambia kwamba hapa kiwandani mabaki ni ya njano na ya buluu tu. Kaka, mabaki mekundu yamejaa mpaka tunayashindilia kwenye mito ya kulalia. Nilisema uongo ule kwa ajili ya macho yako. Wewe ulijua, mimi nilijua, na hatukuwahi kulitaja hata siku moja. Sasa hata uongo hauwezekani, maana oda ya njano imekwisha na ukumbi mzima tunashona sare nyekundu.

Unakumbuka nyanya? Mama alikutuma shambani ukachume zilizoiva, ukarudi na kikapu nusu mbichi. Ukachapwa kwa uvivu. Mara ya pili ukachapwa kwa kiburi. Mara ya tatu nikaenda na wewe, nikawa natembea mbele nikigusa tu kwa kidole, hii, hii, hii, na wewe unachuma. Nilikuwa na miaka sita. Tangu hapo sijaacha kukugusia nyanya. Ulipoomba kazi kambini, nani alikukaririsha kile kitabu cha madoadoa cha muuguzi, cha kupimia kama mtu anatofautisha rangi? Mimi nilikuwa nimeshapimwa nacho hapa kiwandani na muuguzi huyohuyo, nikashika ukurasa kwa ukurasa namba zilizofichwa ndani ya yale madoa, nikakuimbisha kama jedwali la kuzidisha mpaka ukapita. Nilijiona mjanja sana.

Lakini ule ulikuwa mtihani, huu ni msitu usiku. Mwambie mume wangu. Mwambie tu kwamba nyekundu na kijani kwako ni kitu kimoja. Hatakucheka zaidi ya siku mbili.

Mdogo wako


Kambini, 17 Juni

Marahaba, mdogo wangu.

Nimeichoma kama ulivyosema. Na mimi nakuomba uchome hili wazo lako.

Unasema atacheka siku mbili. Kucheka naweza. Ninachokiogopa ni kwamba hatacheka. Atanihurumia. Namjua shemeji, moyo wake ni mwepesi, ataanza kunishika mkono tukivuka magogo. Mimi ni mtu niliyeitwa mvivu nyumbani kwa mama, na shuleni nikaitwa mjinga kwa sababu ya kuchora mbuzi wa kijani. Hapa kambini wageni wakishuka kwenye gari wanauliza, "Pua yupo?" Unajua ni utamu gani huo? Kuulizwa kama upo!

Halafu kuna kazi yenyewe. Msimamizi hana masihara. Mwaka jana mpagazi mmoja aligundulika ana kifafa, jioni hiyohiyo alikuwa barabarani na godoro lake kichwani. Wakijua nilipita mtihani kwa kukaririshwa, watauliza nani alinikaririsha.

Wala vyekundu si tatizo. Kitambaa kikimulikwa kinang'aa tofauti na jani. Nitazoea. Nimezoea makubwa kuliko hayo. Usiku damu mbichi naiona kwa inavyometa, iliyokauka naijua kwa ulimi, iliyobaki naachia pua. Mtumie mumeo anachotaka, usimpe sababu ya kuuliza maswali.

Nakuomba, mdogo wangu. Sijawahi kukuomba kitu nikiwa nimepiga magoti, lakini jua kwamba hapa ninapoandika nimepiga magoti, kwa sababu meza imevunjika mguu na naandikia kitandani. Umeona? Bado nakuchekesha.

Kaka yako,
Pua


Bwenini, 24 Juni

Mume wangu,

Furushi hili ndilo ulilotaka. Vimo sitini, nimevikata virefu ili vining'inie. Msimamizi wa zamu ameniuliza ninavipeleka wapi, nikamwambia mume wangu ana mifugo anaiwekea alama. Ameniangalia sana.

Mlango nautaka wa kijani. Kijani cha jani bichi, si kile cha maji ya bwawa.

Nina neno nataka kukuambia lakini si la kwenye karatasi, nitakuambia nikirudi. Usiniulize, si baya. Kwa sasa nakuomba moja tu: usimwache kaka mbali na wewe usiku. Tembeeni pamoja, hata kama mnyama atapotea. Mnyama hana mke.

Wako,
Fundi


Kambini, 9 Julai

Mdogo wangu,

Barua hii nimempa dereva wa pikipiki, kwa sababu gari la kambi limevunjika gia njiani tangu tarehe tano na liko hukohuko na mifuko ya barua. Kabla hujaendelea, kaa chini. Mwite mwenzako wa kitanda cha jirani akae nawe.

Shemeji hatunaye. Ni usiku wa kuamkia juzi. Kulungu alijeruhiwa jioni, tukaingia kama kawaida, yeye kwenye damu na mimi kwa kuzunguka mtoni. Kulungu alikuwa hajaishiwa nguvu, akamgeukia. Pembe iliingia pajani. Sikusikia filimbi. Nilimtafuta usiku kucha. Hakufunga vitambaa, au labda hakuwahi. Angefunga ningemfikia. Wamemkuta wenzetu asubuhi, jua limeshapanda.

Tumemzika jana, hapakuwa na namna ya kumngoja mtu kwa joto hili. Nisamehe kwa hilo. Mwenye pikipiki amesema atakubeba ukitaka kuja.

Hakuumia muda mrefu.

Kaka yako


Bwenini, 20 Julai

Kaka, shikamoo.

Nimefika salama. Wamenikata siku sita, wamesema ndugu wa ndoa si ndugu wa damu, kanuni inampa mfiwa siku mbili. Nimekaa kwenye cherehani leo nikashona mikono ya sare mia moja na kitu, yote myekundu, na sikumbuki hata mmoja.

Nilikaa nyumbani kwako siku nne na hukuniangalia usoni. Nilidhani ni msiba. Watu wengine wakifiwa hulia, wengine hupasua kuni. Wewe ulipasua kuni mpaka jirani akaja kuomba akasaidiwe na kwake. Usiku nilikusikia ukitembea uani ukigusa majani ya ua, moja moja, kama mtu anayetafuta ufunguo. Nikataka kutoka nje. Sikutoka.

Nilikwenda kuiona nyumba yetu. Mlango nusu wa juu ni kijani kizuri, kile nilichotaka, na nusu ya chini ni kahawia. Nilisimama pale nikacheka peke yangu, kaka, mjane wa siku tano anacheka mbele ya mlango. Nikajua ni wewe uliyeumalizia. Nikajua pia kwamba mume wangu aliuona na hakuufuta.

Nina swali na nataka unijibu. Unasema hakufunga vitambaa. Mume wangu alikuwa hasahau kufunga hata kamba ya kiatu ya mtu mwingine. Nilimtumia sitini. Alikuwa navyo usiku ule au hakuwa navyo?

Mdogo wako


Ofisi ya Kambi, 8 Agosti

Kwa Mke wa Marehemu,

Salamu na pole nyingi tena kwa niaba ya ofisi. Ninakutumia vitu vya marehemu mumeo kama vilivyokutwa: tochi moja yenye ufa kwenye kioo, kisu, mkanda, viatu jozi moja, na vitambaa vyekundu ishirini na tisa vilivyokuwa bado mfukoni. Filimbi haikupatikana, inadhaniwa kamba yake ilikatika mnyama alipomrukia.

Samahani kwa kukuongezea uchungu, lakini uchunguzi wa ofisi bado haujafungwa na nina wajibu wa kukuuliza. Tulivifuata vitambaa kuanzia mwanzo. Mpaka mahali alipojeruhiwa vipo kumi na vinne, vya fundo moja. Baada ya hapo marehemu alilifunga paja kwa shati lake, vizuri sana kwa mtu aliye peke yake gizani, akaacha njia ya mnyama na kuelekea barabarani. Kutoka hapo hadi alipokutwa, chini ya kichuguu, vipo kumi na saba. Vyote vina mafundo mawili. Vya mwanzo viko usawa wa kifua, vinavyofuata usawa wa kiuno, vitatu vya mwisho vimefungwa kwenye nyasi.

Mganga anakadiria kwamba aliishi hadi karibu na alfajiri.

Kaka yako, ambaye anajulikana kuwa mfuatiliaji bora tuliye naye, alipita eneo hilo usiku na alfajiri alikutwa kando ya kulungu aliyekufa. Mwanzo alisema hakuona kitambaa. Alipoonyeshwa vitambaa alibadilisha maelezo, akasema alipitiwa na usingizi mtoni na hakuingia kutafuta hadi mapambazuko. Wenzake hawaamini. Wengine wanasema mambo mabaya, kwamba kulikuwa na ugomvi wa shemeji na shemeji. Amesimamishwa kazi. Kama unajua jambo lolote la kusaidia, tafadhali tuandikie.

Karani wa Kambi


Bwenini, 11 Agosti

Kaka,

Karani ameniandikia. Thelathini na moja. Nilivikata kwa mkono wangu na alivifunga kwa mkono wake, na wewe ukaniandikia kwamba hakufunga.

Wahenga wamesema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kifo cha nani.

Niambie ulichofanya usiku ule. Usinichekeshe.


Kijijini, 19 Agosti

Mdogo wangu,

Nitakuambia, na ukishajua usinijibu kama hutaki.

Nilikaa mtoni nikingoja filimbi. Haikulia. Nikarudi tulipoachana nikaingia kwenye njia yake. Kitambaa cha kwanza tulikifunga pamoja kwa hiyo nilijua kilipo, nikakishika. Baada ya hapo nikamulika mbele, na mbele yangu kulikuwa na majani. Nilimulika kila kichaka. Kulikuwa na umande, kila kitu kinameta, jani linameta, jiwe linameta. Nikazima tochi nikapapasa matawi usawa wa kifua, mpaka miiba ikanichana vidole. Nilipata kimoja. Nikapapasa fundo, moja. Nikasema Mungu mkubwa, nitafika hivihivi.

Kisha pua ikanasa damu ya kulungu. Nikasema shemeji yuko nyuma ya kulungu, nikimpata mnyama nimempata yeye. Nikaacha kupapasa, nikafuata ninachokijua. Nilikwenda haraka, nilikuwa hata najisifu moyoni. Pale alipogeuka lazima nilipita, hakuna njia nyingine. Pua haikukosea, mdogo wangu. Nilimkuta kulungu korongoni, amekufa, na pembe moja ina damu isiyokuwa yake. Nilijua kwa kuinusa.

Nikarudi mbio naita. Niliita mpaka sauti ikakauka. Kulipopambazuka wenzangu wakanikuta nimekaa karibu na kulungu, maana nilikuwa nimezunguka nikarudi palepale. Tukapanda wote hadi njiani, nikaegemea mti nipumue. Yule mpagazi mdogo kuliko wote akasema, "Pua, si hivi hapa?" Kitambaa kilikuwa begani mwangu. Nilikuwa nimekiegemea. Wakaanza kukimbia wakifuata vitambaa, na mimi nikawa nakimbia nyuma yao kama mgeni.

Aliishi hadi karibu na alfajiri. Maana yake alinisikia nikiita. Maana yake alilala pale akijua kwamba ameniachia njia iliyo wazi, na mimi siji. Atakuwa amefikiri nini? Hilo ndilo linalonitembeza uani usiku. Si kwamba amekufa. Ni kwamba amekufa akijiuliza nimemfanyia nini.

Nimewaambia nilisinzia. Watoto wananipigia kelele njiani, "Amka, Pua!" Afadhali hilo. Nikisema macho, watamuuliza muuguzi, na muuguzi atakutaja wewe, na wewe ndiye mtu pekee niliyebaki naye. Waache waniite mlalaji, hata muuaji. Wewe nyamaza tu.

Nilikudanganya kwa sababu sikujua namna ya kukuambia kwamba ulinionya.

Kaka yako


Bwenini, 2 Septemba

Kaka, shikamoo.

Nimekaa na barua yako siku kumi. Kuna siku nilitaka kukuandikia kwamba sina kaka. Nikaiandika kabisa, nikaichana, kwa kuwa kila nilipofika mwisho nilijikuta na mimi nimo. Wewe ulificha, mimi nilikufundisha kuficha. Ulinipigia magoti nikakubali, kisha nikachukua mkasi. Hata ile barua yangu ya mwisho kwake, neno lilikuwa kwenye ncha ya kalamu, nikamwambia nitakuambia nikirudi.

Kwa hiyo sitanyamaza. Leo asubuhi nimemjibu karani. Nimemwandikia yote, nyanya, kitabu cha madoadoa, vitambaa vya njano, jina langu juu. Najua nitapoteza cherehani, nawe huko kambini hutaingia tena. Sikufanya hivyo kukuokoa na watoto wa njiani. Nimefanya kwa sababu yeye alifunga kumi na saba, na anastahili watu wajue kwamba alivifunga vizuri na kwamba aliyemfuata alikuwa anamfuata. Kama nimekuumiza, ni sawa. Nakupenda, na sijui kama nitaweza kukaa chumba kimoja nawe tena. Yote mawili ni kweli, nayabeba.

Jana gari la kambi limefika hapa mjini baada ya miezi miwili ya kulala njiani, na mfuko wake wa barua. Ilikuwemo moja ya kwangu. Nimeisoma mara moja tu, sitaweza tena. Nilitaka nikufiche. Kaka, nimechoka kuficha. Nakutumia, isome mwenyewe. Ulitaka kujua alifikiri nini.

Mdogo wako


Kambini, 4 Julai

Fundi wangu,

Vitambaa vimefika, vizuri kama bendera. Nimeanza kuvitumia juzi. Nawe na hilo neno lako la siri, unanitesa, mwezi wa kumi na moja uko mbali! Ila nadhani nimelijua, ndiyo maana nakuandikia usiku huuhuu ili iwahi gari la kesho.

Sikiliza. Juzi nimefunga kitambaa kwenye kichaka, kaka yako akaja, akasimama nacho puani kabisa, akaniuliza, "Umefunga wapi, shemeji?" Nikadhani ni masihara yake. Nikacheka, naye akacheka, lakini alicheka akiwa amechelewa. Jana nimempa kazi ya kuumalizia mlango wako. Nusu nilishapaka mwenyewe, kopo likaisha, nikamwambia achukue jingine stoo la kijani kama hili. Nimerudi nakuta kahawia! Na yeye amesimama pembeni, brashi mkononi, anauangalia kwa furaha kabisa, anasubiri nimsifu. Nimemsifu. Ningefanyaje? Usiufute ukija, mimi nimeshaupenda.

Usiku nimelala nikaanza kuunganisha. Kwa nini hulamba kila jani. Kwa nini kila mara hunipisha mimi kwenye damu. Na kwa nini mke wangu mimi miaka mitatu kiwanda chake kina mabaki ya njano na buluu tu. Fundi, wewe ni mjanja, lakini mimi si mjinga sana.

Kama ni kweli, usinieleze mengi, andika tu "ndiyo" na unitumie vya njano, au vyeupe, hata ukichana shuka. Nitamwambia hivi vyekundu vinachuja rangi. Usimwambie kwamba nimekuuliza. Mtu akificha kitu miaka yote hiyo hafichi bure, na mtu mzima havuliwi nguo. Akitaka kuniambia ataniambia siku yake. Asipotaka, pua ile siibadilishi na macho ya mtu yeyote.

Usichelewe kujibu. Mpaka vije vingine, tutakwenda na hivihivi vyekundu.

Mumeo,
Tochi